Damu Namba Saba

Tata Shambuyi,

Leo ni Jumapili. Nimetoka misa ya kwanza, nikapita sokoni kununua chumvi, halafu miguu ikanileta hapa laboratwari ya hospitali badala ya kunipeleka nyumbani. Nimekaa dirishani, kwenye meza yetu. Nakuandikia kwa Swahili ya kanisani, ile uliyotaka tuandike nayo karatasi za wagonjwa, lakini najijua: nikianza kulia nitateleza, nawe utanivumilia kama ulivyonivumilia miaka sita.

Niseme moja kwa moja, maana hukupenda watu wanaozunguka. Nilihesabu damu yako. Ilikuja hapa ndani ya kichupa cha penisilini, bila jina, imeandikwa namba saba, nami nikaihesabu nisijue ni yako, na karatasi nikairudisha bila jibu. Wewe ukapanda treni ya Kasai. Tangu siku nilipoambiwa namba saba alikuwa nani sijatulia. Nimekuwa nikijiuliza kama ulikufa hujui kinachokuua, na kama aliyekunyima kujua ni mimi, mutoto wako wa kazi, uliyemfundisha kwa mkono wako mwenyewe.

Jumanne iliyopita Mama Mwambuyi alifika Kolwezi. Ndiyo, mke wako, na vitenge vyake viwili na sauti yake ile ile. Sasa ninajua nilichokuwa sijui, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Lakini ngoja nikupe habari za hapa kwanza. Ungekuwa mzima ungeuliza hali ya mikroskopi kabla ya kuuliza hali yangu. Basi, iko, na inaona bado. Taa yake ilikufa, natumia kioo na jua, kwa hiyo kazi inaanza jua likifika dirishani na inaisha likipita juu ya paa la wodi ya wazazi. Mvua ikinyesha tunafunga, wagonjwa wenyewe wanajua. Ile dawa ya kuua chembe nyekundu ili nyeupe zionekane, ninaitengeneza kwa siki na dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomo, kama ulivyonifundisha mwaka ule mzigo wa dawa uliposimama. Kampani ya migodi imebaki jina. Mashimo ya mgodi wa Mashamba yamejaa maji, na watu wanakwenda huko na nyundo na magunia kuokota mawe ya shaba. Nyumbani mwako zimo familia tatu. Bustani ya maua ya Mama imekuwa mahindi. Mimi mwenyewe nimelima mihogo nyuma ya mochari, na usicheke, imezaa kweli kweli.

Nakukumbuka kwa vitu vidogo, Tata. Vikubwa vinanishinda. Nakumbuka siku nilipofika kutoka Lubudi, binti wa mtu wa reli, nimeletwa kuosha vioo tu, ukaniuliza: "Unajua kuhesabu?" Nikasema ndiyo. Ukasema: "Kuhesabu bila kuchoka?" Hukungoja jibu, ukanipa kisahani cha mahindi makavu. Mashine ya kuhesabia ilikuwa imevunjika zamani, kwa hiyo kila chembe kumi tukahamisha punje moja kutoka kisahani hiki kwenda kile. Halafu ile njaa ilipoingia, mgao wa unga ukakatika, siku moja ukaniacha peke yangu, ukarudi ukanikuta nimezikaanga zile punje kwenye taa ya spiriti nazitafuna. Ulisimama mlangoni ukashika kichwa: "Mutoto! Umekula hesabu ya bantu!" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kesho yake ulileta visahani viwili, kimoja cha kuhesabia, kimoja cha kula.

Na nakumbuka yule mama aliyekuwa analia kwenye korido, ameshika karatasi ya mtoto wake. Karatasi ilisema chembe nyeupe elfu kumi na nane, na mtu fulani asiye na kazi alimwambia damu ya mtoto inageuka nyeupe, itakwisha yote iwe kama maji ya mchele. Daktari alikuwa amekwenda. Ulitoka na koti lako lenye madoa, ukaketi naye kwenye benchi. Wengine wanaoeleza mambo haya husema chembe nyeupe ni askari wa mwili. Wewe hukupenda neno hilo. "Askari bametusaidia nini, sisi ba hapa?" Wewe uliziita bazamu, walinzi wa lupango, wanaolinda nyumba na ua wake.

Ulimwambia: "Mama, mu lupango yako mbele kulikuwa bazamu elfu saba. Leo beko elfu kumi na nane. Unauliza nini? Unauliza: banakimbilia nini? Pengine kuko mwizi." Ukamshika mtoto, ukamfungulia mdomo, koo lilikuwa limejaa usaha. "Mwizi njo huyu." Ukamweleza kwamba bazamu wanaweza kujaa hata bila mwizi: mwanamke akiwa na mimba wanaongezeka, mtu akikimbia mbio kuja hospitali wanaongezeka, hata mtu akilia sana. Wanaweza pia kupungua, kama kwenye homa ya matumbo, au malaria, au dawa nyingine kali, na hapo napo unauliza wamekwenda wapi. Yule mama alipanguza machozi akauliza sasa ile namba ni mbaya au si mbaya. Ukamjibu neno ambalo mi ninawaambia watu mpaka leo: "Namba haigonjwaka. Mutu njo anagonjwaka. Tunatazama mutu."

Aliondoka na sindano za penisilini na bila woga. Mimi nikarudi ndani na wewe ukanipa ile sehemu ambayo hukumwambia. Ulisema kuna hesabu moja tu ambayo huhitaji kuuliza wanakimbilia nini. Ni pale wanapokuwa makumi elfu, na ukitazama damu iliyopakwa kwenye kioo na kutiwa rangi unakuta si bazamu wazima. Ni watoto wao, ambao walipaswa kuwa bado wanalala nyumbani, ndani ya mfupa, na sasa wamejaa barabarani na fimbo wasizojua kuzishika. Hiyo ni kansa ya damu. Ukanipa na sheria yake, ambayo ilikuwa sheria ya meza hii tu, sijaiona mahali pengine. Hesabu ya kuogopesha haitoki hapa kwa jicho moja. Mmoja anahesabu, wa pili anahesabu bila kuambiwa alichopata wa kwanza, na tofauti isipite moja kwa kumi. Na kama uko peke yako, usiiandike. Acha kisanduku cha chembe nyeupe kwenye karatasi wazi, omba damu nyingine, mpaka jicho la pili lirudi kazini. Kwa tatizo lingine lolote tuliandika sababu: damu imeganda, damu ni kidogo, chupa ni chafu. Kisanduku kitupu kisicho na sababu tulikiacha kwa jambo hilo moja.

Katika miaka sita tulikiacha kitupu mara tatu.

Halafu ikaja ile miaka. Redio, mikutano, nyimbo barabarani. Watu waliosimama mstari mmoja na nyinyi kungoja unga wakaanza kusema Wakasai mmekula kazi zao. Baba yako ndiye aliyeletwa na kampani kutoka Kasai, wewe ulizaliwa hapa Kolwezi, ukaoa hapa, ukazaa mapacha hapa mpaka mji mzima ukakuita Shambuyi, baba wa mapacha, na wengi hata hawakujua jina lako la ubatizo. Haikusaidia kitu. Yaya yangu, kaka yangu mkubwa niliyekuwa nakaa kwake, alikuwa anaimba pamoja nao. Nikimpikia, anakula, anafuta mdomo, anatoka kwenda kuimba. Na mimi nilinyamaza kama jiwe.

Siku waliyokutoa kazini unaikumbuka kuliko mimi. Mkuu wa hospitali alisimama mlangoni na orodha, akasoma jina lako, akatazama chini. Ulivua koti jeupe, ukalikunja, ukaliweka juu ya kiti. Ukaniambia: "Mutoto, usisahau kufunika mikroskope." Basi. Mimi nilikuwa na pipeti mdomoni, navuta damu ya mtu. Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia kwamba sikuweza kusema neno kwa sababu ya pipeti. Tata, pipeti inatolewa mdomoni! Inatolewa kwa vidole viwili, ni kazi ya nukta moja. Sikuitoa. Nilikutazama ukipita kwenye korido, ukisalimia wagonjwa upande huu na upande huu, na kesho yake mkuu akaniambia sasa kiti ni chako, nami nikakaa.

Mkafukuzwa mjini, mkaenda stesheni. Maelfu ya watu, mnalala chini ya maturubai na ndani ya mabehewa mabovu, mnangoja treni ambayo haikuja juma baada ya juma. Kutoka hapa hadi stesheni ni mwendo wa dakika kumi. Sikuja. Vijana walisimama njia ya kuingilia wakitazama nani anawapelekea chakula, na yaya yangu alikuwa kati yao. Niliogopa kupigwa, niliogopa kufukuzwa kazi, na zaidi ya hayo niliogopa uso wako. Nilikuwa ninakwenda kazini kwa njia ya nyuma ili nisione hata moshi wa majiko yenu.

Ndipo Sista mmoja wa parokia, muuguzi, akaja asubuhi na kikapu chenye vichupa tisa. Alikuwa amewatoa damu watu wa stesheni wenye homa na waliochoka kupita kiasi. Hakuandika majina. Majina ya Kasai yalikuwa yanatosha kufanya kikapu kibaki sakafuni mpaka damu ioze, kwa hiyo aliandika moja hadi tisa, na karibu na kila namba maneno machache. Namba saba: mwanaume, amepita miaka hamsini, anachoka, anashiba kwa vijiko vitatu, upande wa kushoto wa tumbo ni mgumu.

Nilihesabu sita za kwanza. Malaria, malaria, homa ya matumbo labda, malaria. Nikaweka ya saba kwenye kioo chenye miraba. Unajua damu ya kawaida inatoa thelathini, arobaini kwa mraba mkubwa mmoja. Mraba wa kwanza ulinipa mia mbili na tisini. Nikadhani siki yangu ni dhaifu, nimehesabu nyekundu pamoja na nyeupe. Nikatengeneza dawa upya, nikavuta damu upya. Mia mbili na themanini na kitu, mia tatu kasoro. Jumla ya miraba minne, mara hamsini: elfu hamsini na nane. Nikapaka damu kwenye kioo cha pili, nikatia rangi, nikatazama. Walikuwa pale, Tata, batoto ba bazamu, wa kila umri, wamejaa barabara yote.

Niligeuka kukuita. Kweli, niligeuza kichwa na kufungua mdomo, nikatafuta kiti chako, kumbe nimekikalia mwenyewe.

Basi nikafuata sheria yako. Nikaacha kisanduku wazi, chini nikaandika: Tafadhali tuma damu nyingine. Nikatia sahihi. Ni sheria nzuri kwa mgonjwa aliye wodini. Mtu wa stesheni, ambaye behewa lake linaweza kuondoka saa yoyote, atarudisha damu nyingine kwa njia gani? Nililijua hilo wakati ninaandika. Ningeweza kuchukua karatasi nikaenda nayo mwenyewe, nikamtafuta namba saba, nikamwambia mdomo kwa sikio. Nilimpa Sista kikapu, nikafunika mikroskopi, nikaenda nyumbani kwa njia ya nyuma. Treni iliondoka kesho yake.

Sista alirudi juma lililofuata kuchukua vichupa vyake. Ndiye aliyeniambia, bila ubaya wowote, akidhani ninajua: "Namba saba alikuwa mwalimu wako." Mwaka uliofuata mtu wa samaki aliyetoka Mwene-Ditu, huko Kasai, akaleta habari kwamba Tata Shambuyi wa laboratwari ya Kolwezi amekufa, tumbo limevimba. Nililia mbele ya mteja wake, na yaya yangu aliponiuliza ninamlilia nani, nikamwambia. Nilimwambia kwa sauti ili majirani wasikie. Kulikuwa kumekwisha kuchelewa, lakini niliondoka kwake siku ile na sijarudi.

Sasa Jumanne. Nilikuwa naosha vioo nikasikia mlangoni: "Ngoie, mutoto, uko?" Nikajibu niko, kabla sijajua ninamjibu nani. Mama Mwambuyi alikuwa amesimama na Kabanga wako, mmoja wa mapacha, nyuma yake. Mbuyi amebaki Mwene-Ditu, ameolewa. Kabanga amekuwa mwanamke mrefu, ana kipaji chako cha uso, lakini midomo yake ilikuwa myeupe na alikuwa ameshika ukuta. Mama hakuketi. Alisema: "Pima huyu. Anachoka sawa baba yake." Macho yake yalikuwa yananitazama kwa hasira ambayo sikuielewa.

Niliandika jina kwenye rejista, lote, herufi kubwa, na la baba pia. Nikatoa damu. Nikatia kwenye kioo, nikasogeza jua. Mraba wa kwanza: sabini na sita. Mraba wa pili, sabini na nne. Nikapoteza hesabu ya punje, nikaanza upya. Elfu kumi na tano na ushei, na msichana ni mweupe midomo, na ni damu ya nani? Niliwaza: Mungu wangu, tena, na niko peke yangu tena. Nilitazama kile kisanduku kwenye karatasi, na nakwambia ukweli, nilikuwa na hamu kubwa ya kukiacha wazi na kwenda nyumbani.

Nikasikia sauti yako. Si muujiza, ni mazoea tu, miaka sita ya kusahihishwa. Tunatazama mutu. Nikatoka, nikaketi na Kabanga kwenye benchi, nikamuuliza. Homa? Hapana. Mimba? Akamtazama mama yake, akasema hapana, akacheka. Kazi gani kule? Shamba, tangu mlipofika, shamba la bonde lenye tope, kulima na kupalilia. Na viatu? Akatazama miguu yake. Miguu inawasha? Akashangaa nimejuaje.

Nilikimbia ndani, mwanamke mzima na koti lake, nikapaka damu kwenye kioo cha pili. Walikuwa bazamu wazima, wote watu wazima, hakuna mtoto hata mmoja barabarani. Na kati yao wale wenye chembechembe za rangi ya chungwa, wale ambao kwa kawaida unawatafuta mpaka macho yanauma, walikuwa wamejaa. Nilihesabu mia moja, nikapata thelathini na tatu. Halafu, kwa kuwa hesabu haitoki kwa jicho moja, nikamwita Kabanga mwenyewe. Nikamwonyesha wa chungwa ni wepi, nikampa kisahani, sikumwambia nimepata ngapi. Aliinama juu ya damu yake mwenyewe kwa muda mrefu. Akasema thelathini na moja. Ana mkono wako, Tata, hatetemeki.

Minyoo! Minyoo ya tope, inayoingilia kwenye nyayo na kwenda kunyonya damu tumboni. Nilimwomba choo chake kikubwa ili nisiseme uongo, na mayai yalikuwa pale, mengi. Nikatoka kwenye korido nikapiga kelele kama mwenda wazimu: "Ni minyoo, Mama! Ni minyoo tu!" Mama Mwambuyi akamgeukia Kabanga akampiga kofi la bega: "Minakwambia kila siku vala bilato mu miguu! Bilato mbili minakununulia, unabiweka mu kabati ya kuvala ku misa!" Halafu akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukashikana, na katikati ya kicheko nikahisi bega langu limelowa.

Ndipo akaketi na kuniambia. Miaka yote hii alinikasirikia, unajua? Alinikasirikia kwa sababu niligandisha damu yako. Siku ile stesheni Sista alipogawa karatasi, uliisoma yako, ukaigeuza, ukaigeuza tena. Mama akauliza wamesema nini. Ukamwambia: "Damu iliganda mu njia, banaomba ingine." Na ukatabasamu, ukasema peke yako: "Mutoto ameshika kazi." Mama alikasirika sana: kushika kazi gani, ya kugandisha damu ya mtu?

Mimi nilisikia maneno hayo matatu nikashika ukingo wa benchi. Kwa sababu sikuandika imeganda. Hukuona sababu yoyote pale, uliona kisanduku kitupu.

Akaendelea. Mwisho, Mwene-Ditu, ulipokuwa huinuki tena, ulimwambia yote. Kwamba juma moja kabla ya kutolewa kazini ulihesabu damu yako mwenyewe, mimi nimekwenda kula, ukaosha kioo na kunyamaza. Kwamba Sista alipopita na sindano hukuwa na homa, ulimpa mkono kwa makusudi, kwa kuwa ulijua nani amebaki mezani. Ulitaka jicho la pili. Na ulimpa Mama ujumbe, ameukariri miezi na miaka bila kujua maana yake: "Siku utamuona Ngoie, umuulize yake ilikuwa ngapi. Yangu ilikuwa elfu makumi tano na ine na mia ine."

Nilimwambia bila kufungua rejista. Elfu hamsini na nane. Akaniuliza: "Ni muzuri?" Nikasema ni muzuri, Mama. Ni elfu tatu na mia sita tu kati yetu, na wewe ulituruhusu moja kwa kumi.

Kwa hiyo ulijua. Ulipanda treni unajua, ukafyatua matofali ya nyumba unajua, ukapanda mahindi ambayo ulijua utayala mara moja tu, na kwa miezi minane hukumwambia mtu mpaka ulipokuwa huna budi. Nimefurahi, Tata, na nimekukasirikia. Ulinifanya nikuhesabu kama mtu nisiyemjua. Ungeandika neno moja tu kwenye ile karatasi, "Mutoto", ningekuja mbio. Ningekuja? Usinijibu.

Maana nilidhani nikipata jibu hili nitatulia, na sikutulia. Mama alisema jambo moja zaidi, akiwa anafunga kitenge ili aondoke, kama mtu anayesema habari za mvua. Alisema siku ya treni mlipata nafasi kwenye behewa la wazi, yeye anapanga masufuria, wewe umesimama unatazama njia ya hospitali. Alikuita uketi, hukuketi. Treni ikatoka ungali unatazama. Na mlipopita Lubudi ulivua kofia, ukamwambia: "Huku njo kwabo na mutoto wangu."

Kosa langu halikuwa kwenye hesabu. Hesabu yangu ilikuwa nzuri. Namba ilitoka hapa ikatembea dakika kumi ikakufikia, na mimi sikutembea. Ulikuwa na jicho langu, ulikuwa unangoja uso wangu. Ninakutamani, Tata. Ninatamani hata ile harufu ya siki kwenye mikono yako, na vile ulivyokuwa unakohoa kabla ya kunisahihisha. Nikipata damu ngumu bado ninageuza kichwa.

Kabanga amekunywa vidonge, amekwisha kurudi mara mbili, anasema anataka kutazama damu za watu wengine maana yake ameichoka. Nimemwambia aje kesho. Mama anarudi Mwene-Ditu mwisho wa mwezi, na nimemwomba mkuu ruhusa ya majuma mawili. Alisema nani atashika meza. Nikamwambia meza itafungwa, na safari hii sikuwa na kitu mdomoni.

Barua hii siitii kwenye kikapu cha mtu. Nitapanda treni na Mama, tutapita Lubudi, na nitakuletea mwenyewe, nisimame mbele ya kaburi lako mchana kweupe, watu wakiniona. Nimechelewa miaka mitano, lakini nimeshatoka nyumbani. Endelea kutazama njia, Tata, ni mimi ninayekuja.

Mutoto wako,
Ngoie